Sadaka ya Bwana Seifu

Mwaka hamsini na saba, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kulikuwa na fundi magodoro anaitwa Bwana Seifu. Fundi jina tu jamani, sindano hajaishika tangu vita vya Hitla! Waliokuwa wanashindilia sufi mpaka pua zinaziba ni wawili, Bi Zamda na Fikirini. Yeye kazi yake kanzu, bakora, na kusifiwa.

Kila Ijumaa baada ya sala ombaomba walikuwa wanapita duka kwa duka, ndiyo kawaida. Seifu anakaa barazani, wanapanga mstari, anagawa. Sasa sikia ujanja wake: wafanyakazi wake nao aliwapanga humo humo, mkiani, nyuma ya vipofu. Ombaomba senti kumi. Zamda na Fikirini noti ya shilingi kumi kila mmoja, na anaipunga juu kwanza watu waione.

"Sadaka hii! Mwenye macho aone!"

"Mashallah, Bwana Seifu, pepo yako hiyo!"

Pepo gani? Mshahara wa watu ule!

Mkataba wa Zamda, aliotia dole gumba, ulisema shilingi sitini kwa mwezi, na wa Fikirini vivyo hivyo. Ijumaa nne, noti nne, arobaini. Miezi mitatu hivyo hivyo, mpaka mwenye nyumba akamwambia kodi isipotimia Jumamosi, kitanda chake kitalala nje.

Akamfuata Seifu. "Bwana, mkataba unasema sitini."

Seifu akacheka mpaka kofia ikahama. "We Zamda, umeona wapi mtu anapewa sadaka anadai aongezwe? Hutaki, kaa pembeni. Mstari mrefu huo."

Fikirini akamvuta kando. "Dada, nyamaza. Tutafukuzwa."

"Tufukuzwe wapi? Kwenye mstari wa ombaomba?"

Alhamisi akaenda Ofisi ya Kazi na karatasi yake. Karani, kijana wa Kilimanjaro anaitwa Elisaria, akaisoma, akamuuliza kalipwa ngapi.

"Sijalipwa hata senti. Nimepewa sadaka. Mwenyewe katangaza, Kariakoo nzima shahidi."

Elisaria akaweka kalamu chini. "Hebu rudia, mama."

Kesho yake, noti iko juu hewani, Elisaria huyo na daftari kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu! Njoo uone watu wanavyotoa."

"Ndiyo nimekuja kuona. Hiyo noti ni sadaka au mshahara?"

"Sadaka!" Seifu akajibu, sauti mpaka mtaa wa pili.

"Vizuri. Basi mishahara ya miezi mitatu hujalipa. Mia na themanini kwa huyu, mia na themanini kwa yule."

Weee! Jasho lilimtoka Seifu mpaka kanzu ikamganda mgongoni. Akainama sikioni kwa karani. "Mshahara."

"Sema kwa sauti mzee, naandika."

"Mshahara! Ni mshahara!"

"Basi umewapunja ishirini kila mwezi. Miezi mitatu, sitini kila mmoja, na ulipe leo."

Mbele ya mstari kulikuwa na kipofu mmoja, Mzee Ramadhan. Akagonga fimbo chini. "Kumbe huu mstari wa ajira? Karani, mimi niko hapa miaka miwili kwa senti kumi! Mkataba wangu uko wapi?"

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika, na wale wa Mashallah ndio waliocheka zaidi. Wapiga sifa hao, watu wazima ovyo!

Seifu akaingia ndani, akatoka na fedha, akazihesabu kama anang'olewa meno. Kisha akamgeukia Zamda. "Kesho usije."

Elisaria wala hakuinua kichwa. "Kumwachisha ni notisi ya mwezi mzima, mzee, kwa maandishi. Na mwezi huo unamlipa. Imo kwenye mkataba."

Zamda akafunga hela kwenye pindo la khanga, akaenda kulipa kodi.

Asubuhi yake, saa moja kamili, yuko kazini. Akaketi, akavuta gunia la sufi, akaanza kushindilia. Seifu alikuwa chemba na Fikirini, mkataba mkononi, anaugeuza huku na huku.

"Fikirini mdogo wangu, wewe si unajua kusoma? Hebu nisomee. Nilitia saini nini kingine humu?"