Mnazi Ndani ya Debe

Sogea hapa, mjukuu wangu, nikutegee. Wageni wawili wamekuja kwangu. Wa kwanza mkate mkono uutupe popote, utaota. Wa pili akishazoea alipo, ukimhamisha anakufa. Ni akina nani hao? Fikiri kwanza. Ukishindwa nipe mji, tena uwe mji mzuri, maana nikishapewa ni wangu, nitautembea nitakavyo ndipo nikupe jibu.

Kitendawili hiki nilimtegea Anselmi jioni ya kwanza aliyokula kwetu, kule Kurui. Ulikuwa mwaka wa sitini na tano. Sisi uhuru tulikwishaupata, lakini kwao Msumbiji ndiyo kwanza vita na Mreno vilikuwa vimeshika moto. Anselmi alikuwa Mmakonde wa Mueda, ana chale usoni mpaka kidevuni, watoto wetu wakawa wanamkodolea macho kama wanaomsoma. Alivuka Ruvuma na mkewe Laurensia, wamebeba sufuria na panga, basi. Wakafanya kazi kwanza kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kibaha, mkonge ukawachuna mikono, wakasikia kwamba Kisarawe kuna watu wana ardhi kuliko nguvu za kuilima. Ndipo wakafika kwa mume wangu Kondo.

"Wa kwanza ni muhogo," Anselmi alijibu palepale. "Huyo namjua, ni ndugu yangu kabisa." Wa pili akamuwaza mpaka ugali ukapoa. Mueda iko juu milimani, minazi hawana. "Nimeshindwa, mama Zubeda."

"Nipe mji."

"Chukua Mueda."

Nikauchukua. Nikasema, nimekwenda Mueda, nimepokewa vizuri, nimekula nikashiba, wakanisindikiza mpaka mtoni, nimerudi. Wa pili ni mnazi. Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akageuka akautazama mnazi uliokuwa nyuma ya jiko letu kama mtu anayetambulishwa kwa mkwewe.

Mnazi ule ulikuwa wa mama yako mkubwa, Zubeda. Kwetu sisi kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa, na juu yake baba anapanda mnazi. Mtoto akikua anaonyeshwa, huu ni wako. Zubeda akigombana na wenzake alikuwa anakwenda kuuegemea ule mnazi na kuununia, mpaka hasira imwishe.

Kondo alimpa Anselmi bonde zuri karibu na kijito. Akampa vipando vya mihogo na mbegu za kunde. Sharti lilikuwa moja tu, na mtu wa huku pwani huhitaji hata kumtamkia: mgeni analima cha kung'oa. Mpunga, muhogo, kunde, viazi. Mti hapandi. Aliyelima muhogo anang'oa akaenda zake. Aliyepanda mnazi, hata akifa, wanawe watakuja kuangua, na anayeangua nazi ile ardhi ameshaishika.

Usimwone babu yako alikuwa na roho mbaya. Baba yake alikuwa na shamba kule Pangani ya Kibaha, akamkaribisha mtu, yule mtu akaomba apande miembe michache ya kivuli. Mwisho wake mwenye shamba ndiye akawa anaomba njia ya kupita. Kondo alikulia kwenye ile aibu. Mtu akitaja neno mche, anakunja uso.

Lakini walipendana, Kondo na Anselmi. Nyumba yetu ya pili waliijenga wote wawili. Anselmi alikuwa na mikono ya kuchonga. Akanichongea mbuzi ya kukunia nazi, yenye uso wa mwanamke mbele, mashavu yamejaa.

"Huyu nani?" nikamuuliza.

"Si ni wewe, mama Zubeda, ukiwa umemkasirikia Kondo."

"Mbona ana meno makubwa hivyo?"

"Ndiyo hayo ya kukunia," akajibu, na Kondo akacheka mpaka akakohoa.

Laurensia naye alizoea. Mwanzoni wanawake wa kisimani walikuwa wanamchokoza, "We Laurensia, chungu chako leo kimepika nguruwe au panya?" Naye anajibu, "Nimepika mumeo, jana alikuja mwenyewe na chumvi." Wakamwacha, wakampenda. Alijifunza kupika kisamvu kwa tui zito, akasema kwao walikuwa wanakula majani, wakidhani ni kisamvu.

Mwaka wa sitini na nane alizaa binti, Eugenia. Mimi ndiye niliyempokea. Kitovu kilipodondoka, Anselmi alikuja kwa Kondo amevaa shati safi. Mkononi ana nazi iliyochipua, majani mawili yamesimama kama masikio ya sungura. Aliinunua Kisarawe mjini, akaileta kwa miguu.

Akapiga goti. "Kaka Kondo, kwenu hapa kitovu cha mtoto kinazikwa chini ya mnazi. Cha wa kwangu nikizike wapi?"

Kondo aliitazama ile nazi. Kisha akaangalia kijitoni. "Tutaongea," akasema.

Ndiyo hiyo tu. Si ndiyo, si hapana. Anselmi akashukuru, akaondoka na nazi yake. Kwa kuwa chini haruhusiwi, akatafuta debe bovu, akalijaza udongo, akaiweka humo, mlangoni kwake. Kitovu cha mtoto Laurensia akakikausha, akakifunga kitambaa, akakitia kwenye kikopo cha kahawa, akakipachika juu kwenye paa.

Watu wakapata la kusema. "Anselmi, huo mnazi wako unasubiri gari?" Anselmi anajibu, "Unasubiri mwenyeji amalize kufikiri." Mnazi hauwezi kukaa kwenye debe, mjukuu wangu. Unakua kidogo, mizizi inazunguka ndani inajinyonga, majani yanageuka njano, unakufa. Ukifa, Anselmi anatia mwingine. Na kila alipotia mwingine alikuja kwetu, anapiga goti, anauliza vilevile. Kondo anajibu vilevile.

Mimi nilimsema Kondo. Nilimwambia, "Baba Zubeda, mtu gani anauliza miaka yote hiyo badala ya kupanda kwa kuiba? Huyo si yule wa Pangani."

"Yule wa Pangani naye alianza kwa heshima," akanijibu, akavuta mkeka wake.

Ukaja mwaka wa sabini na nne, watu wakaambiwa wahamie vijijini. Hakukuwa na mjadala. Tulipanga mizigo, tukaacha minazi yetu, mikorosho yetu, makaburi yetu, tukaenda kukaa kwa mistari kando ya barabara, kila mtu na kiwanja chake, bendera katikati. Kondo akapimiwa kiwanja kwenye ardhi ambayo si ya ukoo wake, ubavuni kwa Anselmi. Siku ya kwanza alisimama pale akiwa na jembe, hajui aanzie wapi. Nilimwona Anselmi anamtazama, kisha akaja akamshika mkono, akamwonyesha wapi maji yatapita mvua ikinyesha. Kuhama alikuwa anakujua yeye.

Mwenyekiti wa kijiji akamwambia Anselmi, "Ndugu, huo mnazi mbona uko kwenye debe? Panda. Ardhi siku hizi ni ya wote."

"Nitapanda, ndugu mwenyekiti. Kuna mtu nimemuuliza, bado hajanijibu."

"Nani?"

"Kondo."

"Kondo hana ardhi hapa, yeye mwenyewe amepimiwa."

Anselmi akasema, "Nilipofika kutoka kwetu, serikali sikuiona. Kondo ndiye aliyenipa maji."

Maneno yale yakamfikia Kondo. Ungedhani yangemlainisha. Anselmi alipokuja na goti lake, Kondo, ambaye juzi tu alikuwa ameacha minazi ya babu zake inamezwa na majani, akamkata: "Ardhi ya nani unaniuliza? Hebu nionyeshe yangu iko wapi, nikujibu." Akaingia ndani. Ilikuwa uchungu wake tu, wala hakuwa anamlenga Anselmi, lakini aliyeupokea ni Anselmi.

Mwaka uliofuata redio ikatangaza kwamba Msumbiji iko huru. Wamakonde wa kijijini kwetu walicheza ngoma mchana kutwa. Tukasikia wengi wanarudi, kuna malori. Laurensia akaniambia kisimani, "Dada, mimi moyo wangu uko hapa. Eugenia hajui kwao ni wapi, Kimakonde chenyewe anakisema kama Mzaramo. Lakini mume wangu anasema mtu asiyejibiwa hawezi kujua kama amekaa au amepita tu. Jioni hii atakuja. Akijibiwa, tunabaki."

Nikamwambia Kondo. Nilimwambia waziwazi, nikataja na kikopo. Akasema, "Aje." Nikaona leo atajibu. Nikapika wali wa nazi.

Wakaja, tukala, majirani wakajiunga uani. Kondo alichangamka kuliko kawaida. Akasema, "Mama Zubeda, wachangamshe wageni, tega." Nikatega chepesi, cha watoto. Jioni namtandika, asubuhi namkunja, wala halalamiki. Hata Eugenia alijua ni mkeka, nikamziba mdomo. Anselmi akatabasamu, akasema, "Nimeshindwa."

Nikajua anataka nini. "Nipe mji," nikasema.

Tangu tumefahamiana, miaka yote ile, alikuwa akinipa Mueda. Wenzake walikuwa wanatoa Unguja, Mombasa, Bagamoyo, yeye Mueda. Jioni ile alimtazama Kondo, si mimi, akasema, "Chukua Kurui."



Kondo akatikisa kichwa, anacheka. "Toa mwingine, bwana. Huo si wako."

Watu wakaangua kicheko. Ulikuwa mzaha mzuri, usipojua kilichokuwa nyuma yake. Anselmi naye akacheka, cheko fupi. "Kweli," akasema. "Chukua Mueda basi." Nikauchukua, lakini sikuweza kuutembea. Nikasema tu, nimekwenda, nimerudi, ni mkeka.

Usiombe kuwa na mume mtani. Wageni walipoondoka nikamwambia, umemjibu. Akasema, "Nimejibu nini? Nilitania. Nilikuwa nimpe jibu kesho, nikiwa naye peke yake shambani."

"Mfuate sasa."

"Anselmi ananijua. Atajua mwenyewe."

Kesho yake Anselmi hakwenda shambani. Alikuwa anafunga mizigo. Na Kondo, mjukuu wangu, badala ya kwenda pale mlangoni hatua chache, alichukua panga akatoka akaenda mbali, kwenye mashamba yetu ya zamani, akashinda huko mpaka lori lilipoondoka. Nadhani aliona haya. Anselmi alimsubiri. Dereva alipiga honi, Anselmi akasema, "Bado kidogo." Kisha akaniletea lile debe, mnazi una majani matatu. "Nitunzie, mama Zubeda. Njiani utakufa." Laurensia alikuwa amebeba kikopo kifuani, chini ya khanga.

Mnazi ule ulikufa hata hivyo. Siku moja nikakuta debe lina nazi nyingine, imechipua. Sikuuliza. Iliyofuata ikafa, ikawekwa nyingine. Babu yako alikuwa anaziweka mwenyewe, anazimwagilia maji ya kunawia, wala hataki kuonekana. Watu walipoanza kurudia mashamba yao ya zamani, nasi tukarudi Kurui, mnazi wa Zubeda tukaukuta umesimama. Kitu cha kwanza alichobeba Kondo kilikuwa lile debe. Nikamwambia, si uupande sasa? Akasema, "Si wangu kuupanda."

Walirudi mwaka wa themanini na nne, Laurensia na Eugenia, bila Anselmi. Laurensia amekonda, kichwa kimeanza mvi. Alinihadithia akiwa ameshika ile mbuzi ya nazi, anapapasa mashavu yake. Huko nako waliwekwa kwenye kijiji kipya, kwa mistari. Huko nako wakaitwa wageni, waliitwa Watanganyika. Eugenia akisema, watoto wanamwiga. Anselmi alikwenda kupatafuta pale nyumba ya baba yake ilipokuwa, akakuta msitu. Kisha vita vingine, kisha njaa, kisha kifua, ndicho kilichomchukua.

"Alikuwa anawategea watoto vitendawili," Laurensia akasema. "Wakishindwa, anawaambia, nipeni mji, lakini Kurui msinipe, sina ruhusa nao."

Kondo alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda. Alilisikia hilo. Mikono yake ikawa inatafuta mahali pa kukaa.

Eugenia, msichana mrefu, chale hana, akaenda mbele yake akapiga goti. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba."

Akafungua kitambaa, akatoa kikopo cha kahawa, kimeshika kutu. "Baba alisema nikifika nikuulize tena, maana hukumjibu. Kitovu changu nikizike wapi?"

Kondo akainuka. Akaenda nyuma ya jiko, akarudi analiburuta debe, jembe begani. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono. Alipita mnazi wa Zubeda, akaacha nafasi ya makuti, akaanza kuchimba mwenyewe, na uzee ule, anapumzika, anachimba. Shimo lilipofika kina, akapasua debe kwa panga, akautoa mnazi na udongo wake, akampa Eugenia.

Akaangalia ndani ya shimo, si usoni mwa yule binti.

"Hapa," akasema. "Panda, Anselmi."