Kufuli la Minza

Jumatatu saa tatu asubuhi, katika maabara ya chuo kimoja jijini Mbeya, Minza alikaa kwenye kompyuta ya mstari wa pili, ile iliyong'oka herufi E, amevaa masweta mawili kwa baridi ya Juni. Mwalimu Lusekelo alikuwa akifundisha kuandika programu za kompyuta zenye viini vingi. Alisema ndani ya mashine moja mna wafanyakazi wanne, kila mmoja na kazi yake, ila wote wanaandika katika kumbukumbu moja, kama watu wanne wenye daftari moja. Minza akaandika programu yake, akaiendesha, ikakubali. Alipoinuka kwenda kunywa chai, waliinuka Minza wanne.

Mwalimu akahesabu viti, akawaambia watatu wasimame nyuma.

Habari zilifika kijijini kwao Madibira siku ileile, na baba yake, mzee Ngolo, hakuchelewa kugawa kazi. Minza mmoja abaki chuoni. Wa pili akamsaidie shangazi Yunisi kuuza mchele sokoni Mwanjelwa. Wa tatu arudi Madibira kwenye majaruba ya mpunga. Wa nne aende Iringa kumuuguza mama, aliyelazwa hospitalini huko tangu masika. Kaka yake Nkuba alibaki mmoja kama alivyozaliwa, akaachwa apumzike, maana mtu mmoja atafanya nini.

Wanne hao walikuwa na kichwa kimoja. Alichokiona wa Mwanjelwa, wa Iringa alikikumbuka. Uchovu nao ulikusanyika humohumo, hata Minza wa chuoni akawa anaamka mgongo ukimuuma kwa jembe ambalo hakulishika. Na kulikuwa na kasoro nyingine. Wawili wakiweka jambo kichwani katika dakika ileile, la aliyetangulia lilifutika, likabaki la aliyechelewa. Hivyo ndivyo alivyosahau dawa ya mama ya saa nane mchana. Alipoitafuta kichwani alikuta bei ya mchele wa Kyela.

Mwalimu Lusekelo alisema dawa ya hilo ni kufuli: mmoja akiandika, wengine wasubiri. Minza alielewa kabla sentensi haijaisha. Lango la mfereji kule Madibira lina kufuli na ufunguo mmoja, na mwenye zamu ndiye anayemwagilia. Akajiwekea kufuli kichwani, na tangu siku hiyo hakuna kilichopotea.

Ila kusubiri kunaonekana. Shangazi Yunisi alilalamika kwamba Minza husimama ameshika kisado cha kupimia mchele hewani mpaka wateja wanahamia kibanda cha jirani. Madibira maji yalibomoa tuta naye amesimama katikati ya jaruba, jembe juu. Mama peke yake ndiye ambaye hakulalamika. Minza wa Iringa akiganda na kijiko cha uji mkononi, mama alimngoja. Alikuwa na neno lake, alimwambia, la Minza peke yake, na siku akipata pumzi ya kutosha atalisema.

Baba akapiga simu.

"Hilo kufuli litoe," alisema.

"Baba, ni kama lango la mfereji. Wakifungua wawili, maji yanapotea."

"Najua. Nimeshapigwa fimbo kwa ajili ya lango lile. Lakini lango halilimi, Minza. Wewe unalima."

Minza akalitoa. Alikuwa amechoka, na aliyechoka habishani sana.

Jumatano ya mitihani, saa nne kasorobo asubuhi, mama alipata pumzi. Alimshika Minza mkono akaongea kwa muda mrefu, polepole, bila kukohoa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alimwona Minza akiitikia kwa kichwa, akicheka kidogo, kisha akifuta machozi. Saa ileile, Mbeya, Minza alikuwa kwenye swali la tano: eleza kinachotokea wawili wanapoandika mahali pamoja bila kufuli. Alilijibu vizuri. Alimaliza kuandika sekunde chache baada ya mama kunyamaza, na mama hakuongea tena.

Walizika Madibira Ijumaa. Nkuba alikaa kwenye turubai akipokea pole. Minza wanne walikutana jikoni, kwenye moshi, wakaulizana mama alisema nini. Kila mmoja alikumbuka mkono wa mama, na kwamba alisema. Walipolitafuta neno lenyewe, mahali pake walikuta jibu la swali la tano, limekamilika, na mifano miwili. Wakalia, kisha wakaendelea kupepeta mchele, maana watu walikuwa wengi.

Matokeo yalitoka Agosti. Minza alikuwa wa kwanza darasani. Baba alifurahi waziwazi, akamsomea kila jirani ule ujumbe wa simu, kisha akauliza kama ni kweli chuo kimeleta kompyuta mpya.

"Ni kweli, baba."

"Hizo zina wangapi ndani?"

"Nane."

Mzee Ngolo alitazama majaruba kwa muda. Kisha akamwita Nkuba, akamtuma kwa jirani akaazime majembe.