Fomu ya Maradhi Kumi na Moja

Katika jengo lao pale Tensta, mtaa wa wahamiaji katika nchi ya Waswidi, hapakuwa na mtu aliyejua kujaza fomu kama mzee Alphonse, na mwenyewe alilijua hilo. Shule aliiacha darasa la nne huko Uvira, lakini fomu haitaki shule. Fomu inataka uzoefu, na yeye alikuwa na uzoefu wa miaka karibu thelathini: kambini Kigoma, kwa watu wa uhamiaji, kwa ustawi wa jamii, kwa wenye nyumba. Kwa hiyo bahasha ya chama chake cha wafanyakazi wa usafi ilipoanguka mlangoni mwanzoni mwa Novemba, aliifungua kwa kisu cha mkate, taratibu, kama mtu anayechinja kuku asiye na pa kukimbilia.

Ndani mlikuwa na habari ya bima ya afya ya nyongeza kwa wastaafu. Kila Novemba mlango wa bima hiyo hufunguliwa, na mwezi ukiisha hufungwa. Anayeingia ni yule ambaye hajatimiza miaka sabini. Alphonse angetimiza sabini tarehe mosi Januari, siku ambayo karani wa kambini aliwagawia wote waliozaliwa na mama wasio na kalenda. Huenda kwa kweli alikuwa na sitini na saba tu, lakini nani atabishana na karatasi? Novemba hii ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake.

Na sababu ya kuitaka bima alikuwa nayo. Mke wake, Séraphine, alikaa miezi minane kwenye foleni ya daktari wa moyo. Kila walipopiga simu waliambiwa wasubiri, jina limo kwenye orodha. Barua ya miadi ilifika siku kumi na moja baada ya mazishi, imeandikwa kwa adabu zote, ikimkumbusha marehemu asisahau kitambulisho. Wakubwa wa mji huu foleni hawaijui. Wao huichora mezani, wengine wakasimama. Bima hii iliahidi daktari bingwa ndani ya siku saba, na Alphonse aliapa mbele ya picha ya marehemu kwamba yeye hatafia foleni.

Bahasha ilikuja na fomu ya hali ya afya. Hervé, jirani yake wa ghorofa ya pili, mkimbizi mwenzake wa tangu kambini, alipanda kuja kusimamia kazi.

"Papa Asifiwe," alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye kama walivyozoea, "usiandike weye ni muzima. Muzima atasaidiwa nini?"

Hakuwa na haja ya kuambiwa. Kambini, aliyejibu kwamba hajambo alirudishwa nyuma ya mstari, na aliyekohoa vizuri alipata turubai kabla ya mvua. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, na ofisini mficha maradhi huondoka mikono mitupu. Alphonse akaandika goti la kushoto. Akaandika mgongo, presha, macho, kukosa usingizi, ganzi ya vidole. Nafasi ikaisha, akaomba karatasi ya ziada kwa Hervé. Hervé akamkumbusha ini. Ini la Alphonse halikuwahi kumsumbua hata siku moja, lakini karatasi mpya ilikuwa nyeupe sana, akaliandika. Yakafuata mengine matatu ya kupamba.

La mwisho aliandika moyo, na hapo hakukumbushwa na mtu. Aliandika kwa mkono mzuri kuliko sehemu zote: kuishiwa pumzi kwenye ngazi, miguu kuvimba jioni, kulala huku umeketi. Yakawa maradhi kumi na moja. Hervé alisoma mpaka mwisho, akasema kwa fomu kama hii watakuja kumchukua kwa gari.

Jumapili kanisani alitembea kama mtu mwenye bima tayari.

Jibu lilikuja zikiwa zimebaki siku nne mwezi uishe. Asante kwa maombi yako, hatuwezi kukukubali. Alphonse aliisoma mara tatu. Kisha akafikia uamuzi ambao mtu yeyote aliyepitia maisha yake angeufikia: mateso hayakutosha. Akachukua kalamu aongeze. Shida ilikuwa moja, hakujua magonjwa mengine kwa Kiswidi.

Ndiyo maana alipanda treni mpaka Flemingsberg, kwa Muthoni. Muthoni alikuwa Mkenya, muuguzi katika hospitali kubwa ya kule na kiongozi wa kwaya yao, na ndiye aliyekaa na Séraphine siku zake za mwisho. Alitoka wakati wa mapumziko, wakaketi kwenye mkahawa wa chini na vikombe viwili vya kahawa. Alphonse akamweleza shida yake na kumpa nakala ya fomu. Muthoni alisoma ugonjwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwenye ini akaanza kucheka, akaweka kikombe chini asije akakimwaga.

"Mzee, hawa si watu wa msaada," alisema. "Hawa ni wafanyabiashara. Wanatafuta mtu ambaye haumwi."

"Mtu asiyeumwa daktari wa nini?"

"Ndiyo biashara yenyewe hiyo."

Miaka yote hiyo ofisi zilimfundisha Alphonse kulia ndipo apewe, na leo wakubwa wamegeuza mlango bila kumwambia mtu. Mahali pamoja ukisema huumwi unafukuzwa, mahali pengine ukisema unaumwa unafukuzwa. Waliopanga hivyo, alisema, hawakukosea, walijua wanachofanya.

Muthoni alikuwa amefika mwisho wa karatasi ya ziada, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Na huu moyo, Mzee? Ni wa nani?"

Alphonse alitazama kahawa yake. "Si unaujua," alisema. "Ulikaa nao."

Muthoni aliikunja fomu polepole. Kisha akamwambia la kufanya: aende kliniki yake aombe rekodi zake zote, ni haki yake, azipeleke mwenyewe mjini kwenye ofisi ya bima, arekebishe fomu mbele yao. Asifiche hata kitu kimoja, maana wakija kugundua hawatalipa. Aandike kilicho chake tu.

Rekodi zilikuwa kurasa nne. Goti la kushoto lilikuwemo, na miwani. Presha waliyoipima Oktoba ilikuwa ya kijana, jambo lililomkera kidogo. Kwa mtu aliyeteswa kama yeye, alitarajia zaidi.

Siku ya mwisho ya Novemba, alivaa koti la kanisani akaingia ofisi ya bima saa tatu asubuhi, wa kwanza. Mama aliyempokea aliitwa Gunilla, mtu wa makamo mwenye miwani kichwani na mingine machoni. Alisoma rekodi, akasoma fomu, akamtazama Alphonse, akarudi kwenye fomu. Akamweleza kwamba yasiyo kweli ayakate kwa mstari, na pembeni ya kila mstari atie sahihi.

Alphonse alikata mgongo, usingizi, ini. Mkono ulikwenda vizuri, kama mtu anayepalilia. Ulipofika kwenye moyo ukasimama.

Gunilla akamuuliza kama ugonjwa huo anao kweli.

Alphonse alitaka kusema ndiyo. Tangu barua ile ya miadi, hakuna ofisi yoyote iliyokuwa na wajibu wa kusoma juu ya moyo wa Séraphine. Hapa, kwa wiki tatu, kulikuwa na mtu aliyelazimika kuusoma. Akiukata, umekwisha.

"Si wangu," alisema kwa Kiswidi chake. "Ni wa mke wangu. Alikufa akingoja daktari."

Akapiga mstari, mmoja, ulionyooka. Kando yake, mahali pa sahihi, akaandika jina zima la Séraphine, na chini yake ndipo akatia la kwake. Gunilla alisema kwa sauti ndogo kwamba jina la mtu mwingine haliruhusiwi kuwa kwenye faili lake.

"Basi nionyeshe faili ambalo linaruhusiwa," Alphonse akamjibu, "nikaliandike huko."

Mama yule alivua miwani ya machoni, akaifuta kwa ncha ya sweta, akairudisha. Kisha akapiga muhuri, jina likiwa palepale. Akaingia chumba cha ndani na karatasi zote, akakaa huko dakika ishirini. Aliporudi alisema amekubaliwa, kuanzia tarehe mosi Desemba, kwa kila kitu isipokuwa goti la kushoto. Goti lilikuwepo kabla, bima hailigusi. Alitaka kuomba radhi kwa hilo, lakini Alphonse alikuwa ameshasimama na kufunga vifungo vya koti.

"Goti halina neno," alisema. "Hilo litakwenda kwenye foleni ya serikali, litasimama na watu wengine. Mimi sisimami tena."

Akashuka ghorofa nne kwa ngazi, lifti ikiwepo, huku goti likilalamika hatua kwa hatua na pumzi yake ikiwa shwari.