Gari la Seneo, Simu ya Mumewe

Seneo alikuwa amekaa mkekani kwa wakwe zake, kijijini Mochudi, shali mabegani, kitambaa kichwani. Mbele yake wanaume wamejipanga vitini. Mumewe, Gaolathe, kashika simu na anawasomea wajomba zake kila mahali mkewe alikokwenda.

"Jumatano, saa nne asubuhi, gari limeegeshwa Gaborone, mtaa wa Broadhurst, nyumba namba kumi na saba. Limekaa mpaka saa saba! Jumatano iliyofuata, pale pale. Iliyofuata tena, pale pale! Wajomba, hapo mimi nina mke kweli?"

Na gari lenyewe wala si la Gaolathe! Seneo alilinunua kwa mshahara wake wa ualimu. Lakini siku ya kulichukua dukani, muuzaji hakumtupia hata jicho. "Lete simu yako, mzee," akamwambia Gaolathe, akaliunganisha gari na simu ya mume. Tangu hapo Gaolathe akijilaza tu kwenye kochi anajua gari liko wapi na mlango upi umefunguliwa. Seneo alipowapigia kampuni waliondoe kwenye simu hiyo, akajibiwa ruhusa ni ya mwenye gari, yaani bwana. Upuuzi mtupu!

"Haya, mkwe," alisema Mjomba Ditiro, kaka mkubwa wa mama mkwe na msemaji wa kikao. "Nyumba hiyo ya nani?"

Seneo alivuta shali, akajifunika vizuri. Ilikuwa ya mwalimu mwenzake, aliyewaruhusu kuegesha uani, watu wa Mochudi wasilione gari. Nyumba ya tatu kutoka hapo ni kliniki ya saratani, na kila Jumatano alimpeleka mama mkwe kutundikiwa dripu ya dawa. "Asijue mtu, mwanangu," mama alimsihi. "Harusi ya mdogo wa mumeo ipite kwanza." Seneo akaapa. Na mama mwenyewe huyu hapa, bega kwa bega naye mkekani, anatazama chini.

Akisema, atamvua nguo mama wa watu mbele ya kaka zake. Asiposema, atarudishwa kwao kwa jina la malaya.

"Mnaona? Hana la kusema!" Gaolathe alicheka. "Lakini nilimkomesha. Jumatano iliyopita nililifunga gari hapa hapa kwenye simu, lisiwake. Nikasema haya, rudi kwa miguu na huyo bwana wako!"

Seneo aligeuka mzima mzima. Siku ile, wakitoka kliniki, walisimama njiani gari likagoma kuwaka, wakakaa juani kwa saa mbili, fundi kafungua boneti haoni kitu, mama anatapika kwenye mfuko wa plastiki mpaka akamzimikia mikononi.

"Gaolathe! Kumbe ni wewe?"

"Nyamaza, mwanamke! Hujapewa ruhusa ya kusema!"

"Basi nitasema mimi," alisema mama.

Aliinuka taratibu, kashika bega la Seneo. Akavua kitambaa chake cha kichwani. Kichwa kilikuwa kipara, hakina hata unywele mmoja. Mjomba Ditiro alisimama, akakaa tena.

"Huyo bwana wake ndiye mimi," mama alisema. "Nina saratani ya titi. Huyu ananipeleka na kunirudisha, ananifuta matapishi. Wewe uko hapa unabonyeza simu."

"Mama, jamani... sikujua kama ni wewe! Haki ya Mungu, ningejua nisingelifunga!"

"Ungejua ni mimi." Mama alimtazama kwa hasira ambayo Seneo hakuwahi kuiona machoni pake. "Na angekuwa huyu peke yake, ndiye anayezimia barabarani, ingekuwa sawa?"

Gaolathe aliwatazama wajomba, na wajomba wakatazama viatu vyao, maana hata wao dakika tano tu zilizopita walikuwa wakiitikia kwa vichwa kumkubalia.

Seneo hakungoja ruhusa ya mtu. Alisimama, akainyakua ile simu mkononi mwa mumewe, akaliondoa gari lake humo mbele ya wote.