Gauni la Kupandia Mlima

...bado refu, pandisha kidogo, Anaeli aliwaza wala hakusema, maana Bi Azza alikuwa amepiga magoti chini mbele ya kile kibao alichomsimamishia, pini tele mdomoni, na fundi mwenye pini mdomoni hasemeshwi, asije akameza moja bure tukakosa gauni na fundi... "Tulia, Mchaga wewe," Bi Azza alisema kwa meno, naye akatulia, nje Kariakoo inapiga kelele zake, wapagazi wanapishana na matenga, "pisha, pisha!", na yeye hayupo hapo hata kidogo, yuko kwao mlimani, anavuka mto, anaianza ile njia ya utelezi iliyosimama wima kati ya migomba na mibuni, mpaka juu kwenye kanisa la mawe, ndiko atakakofunga ndoa, na atapanda kwa miguu yake mwenyewe, kwa hiyo upindo uishie juu ya vifundo vya miguu, aone anapokanyaga... Melkiori, mchumba wake, karani wa reli mzima kule Gerezani, alitaka ndoa ifungwe hapa hapa mjini, wageni wangu wana viatu vya ngozi, Anaeli, nani atawapandisha huko? asiyeweza abaki, alimjibu, ebo! mama yangu alipanda na jiwe kichwani, wao washindwe na viatu? na Melkiori akacheka, akakubali, hilo likaisha, lililobaki ni mama... mama yake, Elieshi... enzi za ujenzi wa lile kanisa mwanafunzi wa ubatizo haendi mikono mitupu, anatoa jiwe mtoni, anaweka ngata ya majani makavu ya mgomba, anapanda nalo, wenzake wakifika ule mwinuko wa mwisho wanatua, wanahema, mama hatui, ukitua, alikuwa akimwambia Anaeli, utaanza kulitazama, na mzigo ukishautazama, umekwisha wewe, hatui, hajawahi kutua mzigo njiani tangu azaliwe, hata tumbo lilipoanza kuonekana, tumbo la Anaeli, tumbo lisilo na mume, alibeba vile vile, mpaka wazee wa kanisa wakalitazama lile tumbo na kumtenga, kanisa likaezekwa, likafunguliwa kwa nyimbo, na aliyelibebea mawe yuko nje na kichanga mgongoni... miaka baadaye wakaja wenyewe nyumbani, rudi kundini, Elieshi, yale yamekwisha, akawapa maziwa wakanywa, akasema asanteni sana, nimezoea nje... na kila Jumapili anapanda, mvua, jua, anakaa kwenye ngazi mbele ya mlango, anaimba huko huko nje kwa sauti ya kuwazidi walio ndani, loo, mwanamke yule! zamani Anaeli aliona haya kupita mbele ya watu na kuketi pembeni yake, sasa kifua kinamjaa, nani mwingine ana mama kama huyo, nani! siku moja pale mama alimshika kidole akakiweka juu ya jiwe jeusi kando ya mlango, hili tulilibeba wawili, mimi na wewe... "Mguu sawa," Bi Azza alisema, "unaegemea upande"... na juzi mjomba Tarsis karudi kutoka kwao na jibu la mama, mwambie Anaeli nitampandisha mpaka mlangoni, ndani ng'o, hivyo hivyo, ng'o, mjomba akacheka, Anaeli akaenda kulia nyuma ya magunia ya maharage ya mjomba, kwa sababu anaolewa ndani, si mlangoni, na hataki kugeuka pale mbele ya mchungaji aone kila uso isipokuwa ule mmoja... amlilie? ambembeleze? thubutu, mama ukimbembeleza ndipo anapokaza, na akiingia kwa kuhurumiwa hatakuwa mama tena, atakuwa mwanamke aliyesamehewa, na yeye hakuomba msamaha wa mtu...

"Nakata hapa," Bi Azza alisema, sasa pini zimemwisha mdomoni na maneno yamepata njia, "ila nikishakata sirudishi, na mimi sijapendezwa, bibi harusi gani anatoka na vifundo nje kama anakwenda kuchota maji, gauni linafagia, mwanangu, linaburuta huko nyuma, watu wanalibeba"... wanalibeba, watu, huko nyuma... Anaeli aliona mikono ya mama, ile mipana, imekamata kitambaa cheupe kutoka mtoni, hakigusi tope, migomba, mibuni, mwinuko wa mwisho, mlango, na pale mlangoni je? bibi harusi haendi kinyumenyume, anaingia, na kitambaa kinaingia naye, amwachie nani? akitupe sakafuni mbele ya wale wale waliomnyooshea vidole? mama? atue? hajui hata kutua kunafanywaje... Anaeli akanyoosha shingo, akasimama wima kwenye kile kibao kama amekwisha fika.

"Usikate, Bi Azza. Shusha mpaka chini, halafu uniongezee mkia."

"Mkia! Si ulisema mlima, wewe? Nani ataubeba kupanda mlima wote huo?"

"Mama yangu," alisema Anaeli. "Ufanye mzito."