Mwanya Chini ya Paa

Soksi ya mwisho iliingia kwenye ufa wa juu ya mlango. Msabaha aliisukuma kwa bisibisi mpaka ikapotea kati ya mbao mbili, kisha akapitisha kiganja palepale kuutafuta upepo. Bado ulikuwepo. Mwembamba kama sindano, lakini upo. Akatukana, akaanza kujipapasa mifukoni kama mtu aliyepoteza funguo, ingawa alijua vizuri kwamba hakuna kilichobaki. Magunia yameisha. Matambara yameisha. Kopo la lile povu linalovimba na kuganda lilikuwa limetema mate yake ya mwisho asubuhi, na sasa kuta za banda zilikuwa na uvimbe wa manjano kila kona, kama mtu aliyeumwa na nyuki.

Nyuma yake mbuzi alikuwa akimtazama.

"Usinitazame hivyo," Msabaha akamwambia. "Haya yote nakufanyia wewe."

Mbuzi huyu alimwita Shangazi kwa sababu ya mtazamo ule: shingo imenyooka, macho nusu wazi, mdomo unatafuna polepole, kama shangazi aliyekuja harusini akakuta pilau halina nyama. Alikuwa na mimba pevu. Kiwele kimejaa, na pembeni mwa mkia pamelegea ukipabonyeza. Angeweza kuzaa leo, au kesho, au keshokutwa.

Mbuzi wa kuzaa Januari ni kioja katika nchi hii. Wenyeji humtenga beberu ili watoto wazaliwe majani yanapochipua. Msabaha hakuwa na habari hiyo. Kwao kisiwani, Micheweni, beberu hushinda na majike mwaka mzima, na mtoto huja siku anayotaka mwenyewe. Agosti alimwazima beberu wa jirani, mkulima anayeitwa Eddie, na Eddie akamuuliza mara mbili kama ana hakika. Msabaha alidhani mtu anamfanyia choyo cha beberu. Sasa Januari ndiyo hii, na redio ilikuwa ikisema jambo moja tangu jana: theluji nzito kuanzia jioni, baridi ya kupasua mabomba, asiye na dharura asitoke.

Mlango ukagongwa kwa nje. Alikuwa Balbir, mwenye shamba, kilemba cha buluu na koti refu mpaka magotini. Alikataa kuingia. Alisimama kizingitini na kujifunika pua kwa ncha ya skafu.

"Mzee Msabaha, hii si banda tena. Hii ni mkebe ya samaki."

"Funga mlango, yakhe. Unaniingizia upepo."

Balbir alizaliwa Kisumu na alikuwa fundi seremala. Walikutana miaka mingi nyuma kwenye gereji ya mabasi, Msabaha akiosha, Balbir akitengeneza viti. Siku moja Balbir alijigonga kidole kwa nyundo akatukana kwa Kiswahili, na Msabaha, aliyekuwa ndani ya basi na ufagio wa kudekia mkononi, akamwitikia. Alipostaafu, Balbir alinunua eka tatu na kijumba huku nyuma ya Harefield, pale London inapokonda na kuanza kuwa matope, akamwambia rafiki yake aje alime atakacho. Kila mahali London Msabaha alikuwa mtu wa kuulizwa jina lake linaandikwaje. Huku hakuulizwa.

"Eddie amepiga simu," Balbir akasema. "Saa tisa anapita na trela. Anachukua huyu mama, anampeleka kwake. Kwake iko ghala kubwa, iko daktari ya wanyama."

"Anamchukua, kisha?"

"Hakuna kisha. Anakuwa yake."

Msabaha aliokota nyundo, akaitazama, akairudisha chini.

"Mwaka jana tulichimba kaburi mbili," Balbir akaendelea. "Mgongo yangu mpaka leo inakumbuka. Wale mbuzi wawili walikohoa, walikohoa, wakaenda. Hii mwaka udongo itakuwa jiwe, na mimi sichimbi tena. Kama huyu amekohoa, aende na Eddie sasa, na shamba nitapatia wale watu ya farasi wanataka kukodi. Nakwambia kama ndugu."

"Hajakohoa."

"Kweli?"

"Wallahi hajakohoa."

Na ilikuwa kweli, wakati ule.

Balbir alipoondoka, Msabaha hakuweza kukaa. Alibeba ndoo za maji ndani ili yasigande nje. Akalifunga bomba la uani kwa zulia kuukuu na kamba, akaona kamba ni chache, akaenda kutafuta nyingine, akarudi na msumeno bila ya kujua msumeno wa nini. Akavuta turubai juu ya paa na kulikaza kwa matofali. Akazunguka banda kulia, akazunguka kushoto, mkono wake ukipapasa mbao. Vifo vya mwaka jana vilimfunza jambo moja: baridi ilipita mahali. Ilipata tundu ikaingia kama mwizi, ikawanyonga wale wawili. Mwaka huu isingepata tundu. Alikuwa ameapa hivyo tangu kiangazi, watu walipokuwa wakitembea vifua wazi na yeye anaokota magunia.

Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye miti. Jeupe, halina kingo. Simu ilitikisika mfukoni mwake. Akaiacha itikisike mpaka ikachoka.

Hapo ndipo alipokisikia. Kikohozi kimoja, kikavu, kutoka ndani ya banda.

Alisimama na tofali mkononi. Labda kwato zimegonga ubao. Labda ni kunguru. Kikaja kingine, chenye mkwaruzo mwishoni, na mkwaruzo ule aliujua. Alilala nao mwaka jana, akaamka nao.

"La," akasema, kwa sauti. "La, la, la. Theluji hata haijaanza!"

Akakimbilia ndani na kufunga mlango nyuma yake. Shangazi alikuwa amesimama katikati, kichwa kimeinama, mbavu zinapanda na kushuka. Msabaha alivua koti lake akamfunika mgongoni. Mbuzi akalitikisa, likaanguka. Akamfunika tena.

"Hodi humo!"

Mlango ulifunguliwa kabla ya karibu. Ummukulthum, mkewe, aliingia na mfuko begani, buibui limerushiwa jaketi la kazini, miguuni viatu vya mpira anavyovaa akiogesha wazee wa watu kazini. Miwani yake ilipata ukungu palepale akawa haoni.

"Asalaam aleikum, wewe mwanamme mwenye simu ya pambo."

"Waaleikum salaam. Umefuata nini huku, Mama Munir? Theluji inakuja."

"Nimekufuata wewe. Dereva kasema basi la saa kumi ndilo la mwisho, baada ya hapo hawatoki. Nikuache ulale huku nije nikuokote asubuhi umeganda kama kuku wa dukani?" Alivua miwani aifute, na kabla hajamaliza akaanza kukohoa. Mbuzi naye akakohoa. Wakakohoa pamoja, mke na mbuzi, mpaka Ummukulthum akashika ukuta.

"Umeona?" Msabaha akasema. "Baridi imeshamwingia. Imemwahi."

"Baridi gani?"

"Baridi! Kwani huisikii?"

"Baridi iko nje, Baba Munir. Nimetembea nayo kutoka kituoni. Humu nimo natoka jasho." Alinyoosha mkono juu, akapitisha kidole kwenye plastiki iliyopigiliwa chini ya paa, akamwonyesha. Kidole kilikuwa kinadondosha. "Haya ni nini?"

"Maji."

"Ya wapi? Mvua yenyewe haijanyesha wiki nzima."

Msabaha akatazama juu. Alikuwa amepigilia plastiki ile mwenyewe na alijua kila msumari wake, lakini hakuwa ameitazama. Matone yalining'inia mstari kwa mstari, manene. Moja likaachia, likaangukia koti lililokuwa mgongoni mwa mbuzi.

"Hizo ni pumzi zake," Ummukulthum akasema. "Pumzi zake na mikojo yake, umemfungia ndani avivute tena na tena. Macho hayakuwashi? Yangu yanachoma kama nakata vitunguu."

"Nimezoea."

"Naam. Na Tottenham ulizoea vilevile."

Msabaha alijua angelitaja hilo. Chumba chao cha kwanza, ghorofa ya nne. Baridi ya mwaka ule wa kwanza alizunguka madirisha yote na tepu, akajaza taulo chini ya mlango, akajisifu kwamba hata nzi hapiti. Kufika Februari ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa mweusi kama tako la sufuria, nguo kabatini zinaota ukungu, na Munir, mdogo wakati ule, anapiga mluzi kifuani kila akipumua. Aliyezing'oa tepu alikuwa Annonciata, jirani wa Kikongo, mwanamke wa mabega, wala hakuomba ruhusa. Alifungua dirisha theluji ikiwa inaanguka. Msabaha hakumsemesha mpaka wanahama. Kifua cha mtoto kilipopoa, alisema ni dawa.

"Yule alikuwa mtoto," akasema sasa. "Huyu mnyama."

"Huyu kazaliwa na koti lake. Mwenye baridi ni wewe, mume wangu. Tangu tushuke kwenye ndege mwenye baridi ni wewe, na kila unachokipenda unakivisha."

Msabaha alitoka nje kwa hasira. Akazunguka banda. Akalizunguka tena. Wanawake bwana, akasema, na mbuzi wamjua wao. Lakini miguu ilianza kupungua mwendo, kwa sababu jambo fulani lilikuwa limemshika kisogoni. Wale wawili wa mwaka jana. Walianza kukohoa lini? Alilazimisha akili irudi nyuma. Ilikuwa siku aliyomaliza kupigilia plastiki, na alikuwa akifanya kazi na fulana, kwa sababu siku ile palikuwa na jua. Shati alilitundika kwenye uzio. Akalisahau huko, na theluji ya kwanza ililikuta huko, na wakati huo jike wa kwanza alikuwa amekwisha kufa.

Jua lilikuwepo. Shati kwenye uzio.

Aliegemeza paji la uso kwenye ubao. Chembe nyeupe ya kwanza ilitua juu ya mkono wake, ikafikiri kidogo, ikawa maji.

Aliporudi ndani alikuwa na nyundo ya kung'olea misumari. Alipanda juu ya robota la majani, akaingiza meno ya nyundo chini ya plastiki, upande ule usiopigwa na upepo, juu kabisa, pale ukuta unapokutana na paa. Mkono ukakataa. Alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, na bado mwili mzima ulimwambia usifungue, utaua. Akavuta. Plastiki ikachanika kwa mlio wa nguo mpya inayoraruliwa, na maji yaliyojikusanya yakamwagika shingoni mwake mpaka mgongoni.

"Chini paache," Ummukulthum akasema. "Upepo upite juu yake, usimpige tumboni."

"Najua!"

"Unajua leo."

Aling'oa soksi, magunia, matambara, akakata uvimbe wa povu kwa kisu. Baridi ilimpiga usoni, safi, yenye harufu ya chuma. Mkewe alikuwa ameshika uma wa shamba na anazoa matandiko yaliyolowa, akiyatupa nje kwa nguvu na mpangilio, kama anavyobadilisha mashuka ya vitanda vya wale wazee. Walitandika majani makavu mpaka magotini. Shangazi aliinua pua kuelekea kwenye mwanya, akaiacha hapo.

Trela ilisikika kabla haijaonekana. Eddie alishuka, mashavu mekundu, theluji kwenye kofia, Balbir nyuma yake. Walisimama mlangoni wakatazama juu, kwenye nafasi ile ndefu chini ya paa iliyokuwa ikionyesha kipande cha mbingu.

"Umefungua," Balbir akasema.

"Nimefungua."

"Amekohoa?"

Swali liliingia kama baridi ilivyoingia. Palikuwa na jibu jepesi. Msabaha alilitazama jibu lile, akatazama mbuzi, akatazama mlima wa matandiko mabichi nje, ukitoa moshi juu ya theluji.

"Amekohoa," akasema. "Kabla sijafungua."

Balbir akashusha pumzi, akageukia trela.

"Na mimi nimekohoa, Bwana Balbir," Ummukulthum akasema, akiwa ameegemea uma. "Nitieni na mimi kwenye trela."

Eddie akauliza mama kasema nini. Balbir akamtafsiria, na Eddie akacheka mpaka kofia ikadondosha theluji. Balbir hakucheka. Lakini aliingia ndani, kwa mara ya kwanza siku ile, na skafu ilikuwa imeshuka puani. Alivuta hewa. Akavuta tena. Akasogea kwa Shangazi akaweka mkono wake mpana wa useremala kwenye mbavu, akasubiri, na wote wakasubiri, hata Eddie ambaye hakujua wanasubiri nini.

"Kesho," Balbir akasema hatimaye. "Eddie arudi kesho, kama barabara inapita. Akikohoa mbele yangu, anapanda. Usiniombe."

"Sikuombi."

Trela iliondoka tupu, ikitikisika minyororo. Balbir akaenda kuwasha jiko kijumbani kwake. Mbali barabarani basi lilivuma, likasimama, likaondoka. Ummukulthum alilisikia, aliinua kichwa, kisha akakaa juu ya robota, akafungua mfuko, akatoa chupa ya chai ya tangawizi na chapati zilizofungwa kwenye taulo.

"Kula, Baba Munir. Umesimama tangu asubuhi."

Lakini Msabaha alikuwa amesimama nje, rundo la soksi zilizolowa mkononi. Theluji ilianguka sasa bila ya haraka, nzito, juu ya turubai, juu ya matofali, juu ya uzio. Iliufunika kila upande wa paa isipokuwa mahali pamoja. Juu ya mwanya mvuke ulikuwa unatoka, mwembamba, kama wa chungu cha wali kilichowekwa kifuniko upande, na kila chembe iliyotua hapo ilipotea. Mvuke ukatoka, ukakatika, ukatoka tena. Akaufuata kwa macho. Alikuwa hapapasi kitu, hatafuti kitu. Alitega sikio.