Sifuri Aliyekula Salamu Zangu

Usiku wa jana niliota niko mapokezi, kwenye gesti ya dada Kidawa, na kompyuta yenyewe ndiyo mimi. Nina kioo tumboni na waya mgongoni.

Ngoja nieleze kwanza. Tangu nimalize fomu foo nashinda nyumbani tu. Dada Kidawa anataka mtu mmoja wa kumtengenezea programu, na tuko wawili, mimi na Gaudensia. Mtihani wenyewe: kompyuta ya mapokezi imsalimie kila mgeni anavyostahili. Wakubwa shikamoo, vijana mambo vipi. Halafu eti ndani ya programu isiwepo "kama" hata moja. Yaani nisiandike "kama mgeni ni mkubwa, sema hivi". Sasa nitajuaje? Nililala na hasira.

Basi, kwenye ndoto mlango unanizuia.

"Toa zile 'kama' zako," unasema.

Natoa mbili mfukoni, zimechakaa. Kompyuta ina mfuko? Usiniulize mimi. Mlango unazimeza.

Anaingia bibi mmoja na kanga zake. Nataka kumkagua umri, nashindwa. Mdomo unatoa zote mbili: "Shikamoo mambo vipi."

Bibi anasimama. "Mambo vipi? Mimi? Wewe mtoto wa nani?"

"Bibi, mimi kompyuta."

"Hata kompyuta ina mama yake."

Dada Kidawa anachungulia kutoka kwenye droo ya meza. "Gaudensia kashamaliza," anasema, anajifungia tena.

Chini ya meza namkuta Sifuri, mnene, anatafuna.

"Salamu isiyotakiwa izidishe na mimi," anasema. "Chochote ukizidisha na mimi, kwisha habari yake."

Namrushia mambo vipi, anaimeza. Bibi anabaki na shikamoo yake, anaitikia marahaba, mambo safi.

Mara tuko uwanja wa mpira, meza ya mapokezi iko golini. Anakuja kijana na jezi yake. Natoa zote mbili. Sifuri anameza mambo vipi tena.

"Oya!" kijana anafoka. "Shikamoo? Mimi mzee?" Timu nzima inacheka, mpaka refa.

"Sifuri! Si ulitakiwa ule ile nyingine?"

"Nitajuaje ipi?" anajibu, mdomo umejaa. "Kwani umri nani kaukagua? Zile 'kama' zako si ziko tumboni kwa mlango?"

Aisee, nilichoka. Wageni wanamiminika, Sifuri anakula tu, anavimba. Vijana wote wanapata shikamoo, wote wananitukana. Dada Kidawa anatoka chini ya nyasi kuniambia Gaudensia ameshaanza kazi na ameletewa chai.

"Basi mpeni hiyo kazi!" napiga kelele. "Mtu atamsalimiaje mtu bila kumkagua?"

Yule bibi anakuja pembeni ya goli, kashika kibendera cha refa msaidizi.

"Mjukuu wangu, unahangaika nini? Salamu yangu ninayo mwenyewe." Anafungua fundo la kanga, anatoa shikamoo, imekunjwa vizuri. "Niombe, nakupa, unaisoma. Basi."

Kijana wa jezi anachomoa mambo vipi kwenye soksi. Naangalia foleni. Kila mtu anayo yake!

"Muda wote huu mlikuwa nazo?"

"Hukutuomba," bibi anasema. "Ulikuwa unatukagua tu."

Kazi inakuwa nyepesi mpaka inaudhi. Nasema, "Leta salamu yako," mtu analeta, nasoma. Mzee, kijana, neno langu ni lile lile.

"Na mimi je?" Sifuri anauliza. Amekuwa kama pipa. Nikamwambia sina kazi naye tena. Akanirukia kifuani kwa hasira.

Nikaamka, laptop iko kifuani.

Sikunawa hata uso. Nilifuta hesabu zote za kuzidisha na sifuri nilizojaribu jana, nikaandika upya: kila mgeni akiandikishwa anajaza na salamu yake mwenyewe, programu inaisema tu. Ikakubali! Hakuna "kama" hata moja. Kwa dada Kidawa natakiwa asubuhi hii hii.

Nikataka kujaribu kumwandikisha mgeni mmoja zaidi, kijana, nikaanza na mwaka wake wa kuzaliwa, 2000. Mbili iliingia vizuri. Kitufe cha sifuri kikagoma. Nikakiangalia kwa pembeni: wenzake wote bapa, chenyewe kimetuna.

Nikakikandamiza kwa dole gumba. Kwenye kioo kikaandika: mambo vipi.